Kuziba tobo kwenye ukuta wa faiba wa karavani

Karavani (nyumba ndogo inayovutwa na gari) ikigongwa ubavuni na kona ya geti, wengi hukimbilia puti, ule uji mzito wa kujazia mashimo. Puti inaficha tobo tu. Ukuta wa karavani nyingi za kisasa umegundishwa kwa tabaka: nje faiba nyembamba (plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo), kisha plaiwudi, ndani stairofomu (povu jepesi la plastiki). Maji yakipita, plaiwudi inaoza, gundi inaachia na ukuta unavimba.

1. Gonga kwanza. Tumia kifundo cha kidole kuzunguka tobo. Panapotoa sauti ya uwazi, gundi imeachia. Pachore kwa penseli. Mara nyingi eneo hilo ni kubwa kuliko tobo lenyewe. Ukuta mzima ukiwa umevimba, usiendelee: huo ni wa kubadilisha.

2. Kata, kausha. Ondoa faiba yote iliyopasuka. Kona za tundu ziwe za mviringo, maana kona kali huanzisha ufa mpya. Chokoa plaiwudi iliyooza, kisha acha feni ifanye kazi hadi pakauke kabisa. Bunduki ya joto isikaribie stairofomu, itasinyaa.

3. Piga msasa namba 80 kuzunguka tundu upate mteremko: kila milimita 1 ya unene wa faiba, milimita 12 za mteremko. Unaonekana mwingi, lakini hapo ndipo kiraka kinaposhikia. Futa vumbi, pitisha asetoni kwenye faiba peke yake. Nayo inakula stairofomu.

4. Chagua resini, yaani gundi ya maji inayolowesha kitambaa cha faiba na kukauka ngumu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Resini ya poliesta ni rahisi kwa bei na iko kila duka la faiba, ila ina kimiminika kiitwacho staireni, na staireni inayeyusha stairofomu. Utaziba mbele huku nyuma pakibaki shimo. Nunua resini ya epoksi. Hadena yake (dawa ya kuigandisha) ipimwe kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo. Ukizidisha hadena, epoksi haikauki haraka, inabaki laini. Tumia kitambaa cha faiba kilichofumwa, si mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa, kwani gundi ya mikeka mingi ya aina hiyo imetengenezwa iyeyuke kwenye staireni.

5. Jenga kiraka. Vaa glavu na barakoa. Gundisha kipande cha plaiwudi kwa epoksi, kisha panga vitambaa vya saizi tofauti, ukilowesha kila kimoja na kukamua hewa kwa brashi. Kikikauka, osha kwa maji kabla ya msasa: epoksi huacha utando wa nta unaozuia rangi kushika.

6. Malizia. Puti ya epoksi, msasa 120, halafu 240, praima (rangi ya kwanza ya kushikisha), rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadena yake. Usiache bila rangi, jua linaila epoksi. Jelikoti ya poliesta (tabaka la nje linalong'aa) juu ya epoksi mara nyingi haikauki vizuri.

Kama ulifungua fremu ya dirisha au taa, kwangua silikoni yote ya zamani na urudishie kwa tepu ya butili, utepe laini wa mpira unaonata na kuzuia maji.