Kifaa Kikibadilisha IP, Kifuate kwa MAC

Jana IP ya printa (namba yake kwenye mtandao wa nyumbani) ilikuwa 192.168.1.23, leo ni 192.168.1.31, na kompyuta inadai haiioni. Printa ni nzima. Ruta hugawa anwani za IP kupitia DHCP (mfumo wa kugawa anwani kiotomatiki) kwa muda maalumu, mara nyingi saa 24. Kifaa kikizimwa hadi muda ule ukapita, anwani yake inaweza kupewa kingine. Kwa hiyo kwenye daftari lako la vifaa usitegemee IP. Andika MAC, namba ambayo kifaa hupewa kiwandani.

Hatua ya 1. Fungua kivinjari, andika anwani ya ruta (jaribu 192.168.1.1 au 192.168.0.1), ingia, kisha tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Utaona jina, IP na MAC ya kila kimoja.

Hatua ya 2. Vitambue. Tarakimu sita za mwanzo za MAC humtaja mtengenezaji. Ukikwama, kwenye kompyuta piga ping (amri ya kuuliza kama kifaa kinajibu) kwa IP unayoitilia shaka, kisha zima kifaa unachodhani ndicho. Majibu yakikatika, umekipata. Usiitegemee orodha ya ruta hapa, kwani inaweza kuendelea kuonyesha kifaa kilichokwisha kuzimwa.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi hupotea. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hujitungia MAC ya bandia kwa kila mtandao wa Wi-Fi, na baadhi huibadilisha tena baadaye. Tazama tarakimu ya pili: ikiwa 2, 6, A au E, kama katika 7A:1C:04:9B:E2:30, kwa kawaida hiyo ni ya kutungwa, na mtengenezaji hutampata. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya simu, chagua MAC halisi ya kifaa kwa mtandao wa nyumbani peke yake. Kwingineko iache ya bandia, inakulinda usifuatiliwe.

Hatua ya 4. Rudi kwenye ruta, sehemu ya DHCP, utengee MAC ya printa, kamera au seva anwani yake ya kudumu. Zima kifaa na kukiwasha ili kiichukue.

Hatua ya 5. Mara kwa mara, kwenye dirisha la amri la kompyuta, endesha nmap, programu ya kukagua vifaa vilivyo kwenye mtandao:

`sudo nmap -sn 192.168.1.0/24`

Bila sudo (ruhusa ya msimamizi), MAC hazitaonekana. Linganisha na daftari. Ukikuta MAC ngeni, waulize kwanza wa nyumbani kama kuna aliyeunganisha kifaa kipya. Wote wakikana, badilisha nenosiri la Wi-Fi siku hiyo hiyo.