Namna ya Kukokotoa Viti vya Majimbo katika Baraza la Juu la Ujerumani

Wanafunzi wa somo la uraia hapa Tanga wanapopewa swali la viti vya Bundesrat, baraza la juu la Ujerumani, wengi hukimbilia kugawanya: huchukua idadi ya watu wa nchi nzima, huigawa kwa viti 69, kisha hujaza ukurasa desimali zisizo na kazi. Kinachotakiwa ni kulinganisha wakazi wa kila jimbo na vizingiti vya ibara ya 51 ya katiba yao. (Jimbo hilo lisichanganywe na jimbo la uchaguzi la kwetu, kwani lao lina serikali na bunge lake.)

Anza kwa kulipatia kila jimbo viti 3, hata likiwa dogo namna gani. Wakazi wakizidi milioni 2, andika 4. Wakizidi milioni 6, andika 5. Wakizidi milioni 7, andika 6, na zaidi ya hapo hakuna nyongeza.

Jizoeze kwa sensa yetu ya 2022. Njombe, yenye watu wasiofika milioni 1, ingepata viti 3, na Tanga, yenye watu milioni 2.6, ingepata 4. Dar es Salaam, pamoja na watu wake milioni 5.4, ingepata 4 vilevile, jambo ambalo darasa la Tanga hulipokea kwa vicheko. Upendeleo huo kwa wadogo umekusudiwa: Bremen, yenye watu takribani 700,000, ina viti 3, ilhali Nordrhein-Westfalen, yenye takribani milioni 18, ina 6 tu.

Kisha hakiki jumla. Majimbo ni 16: manne yana viti 6, Hessen peke yake ina 5, saba yana 4 na manne yana 3, yaani 24, 5, 28 na 12. Ukipata 68, huenda umeiweka Hessen katika kundi la 4, ilhali imekwisha kuvuka milioni 6.

Viti hivyo hukaliwa na wajumbe wa serikali ya jimbo, na kura zake zote hupigwa kwa kauli moja. Mwaka 2002 wajumbe wa Brandenburg, jimbo linalokaribiana na Tanga kwa idadi ya watu, walipotofautiana kuhusu sheria ya uhamiaji, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba jimbo hilo halikuwa limeiunga mkono. Kwa hiyo, ukikokotoa matokeo ya kura, kura 4 za Brandenburg ziandikwe fungu moja, zisigawanywe 3 kwa 1.