Kabla ya kushusha pampu ya dizeli
Greda au ekskaveta ikikosa nguvu na kuzimikazimika, usikimbilie pampu wala nozeli (zinazopuliza dizeli ndani ya injini). Anzia upande wa tenki. Mpira uliopasuka kati ya tenki na pampu ya kuvuta mara nyingi hauvuji dizeli, unavuta upepo. Nje utauona mkavu kabisa, ndiyo maana mafundi wengi wanaupita. Filta mpya isiposaidia, chomeka mpira mwingine usiopasuka kutoka pampu ya kuvuta hadi kwenye dumu la dizeli safi, toa upepo kwa pampu ya mkono, washa. Injini ikitulia, ugonjwa uko kwenye tenki au mipira. Ikiendelea kukohoa, nozeli zikapimwe.

Tafadhali sana: kwenye injini za komoni reli (nozeli zote hulishwa na bomba moja lenye presha kubwa) usilegeze paipu ya nozeli injini ikiwaka. Presha yaweza kupita baa 1,000, na dizeli hiyo hutoboa ngozi.