Taa ya AdBlue ikiwaka kwenye dashibodi: namna ya kuisoma na hatua za kuchukua

Magari mengi ya dizeli yaliyotengenezwa Ulaya tangu Euro 6, kiwango cha Ulaya cha kudhibiti moshi wa magari, kianze kutumika mwaka 2014, pamoja na baadhi ya vani za Kijapani za miaka ya karibuni, yana tanki la pili, ambalo mara nyingi lina mfuniko wa buluu. Kimiminika kilichomo, kinachojulikana zaidi kwa jina la AdBlue, ni asilimia 32.5 ya urea safi, na kinachobaki ni maji yaliyoondolewa madini. Hakichanganywi kamwe na dizeli. Hunyunyizwa ndani ya bomba la ekzosi, ambako joto hukigeuza kuwa amonia, na amonia hiyo huzigeuza oksidi za nitrojeni zilizomo kwenye moshi kuwa nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Kwa kuwa magari ya aina hii sasa yanaingia Kenya na Tanzania yakiwa yametumika kwingine, yafaa dereva azielewe taa zake kabla gari halijagoma kuwaka.

Anza kwa kusoma maandishi yanayoambatana na taa, kwa sababu taa ile ile hubeba habari mbili tofauti. Habari ya kwanza ni kwamba kimiminika kinapungua. Sheria za Ulaya hutaka onyo hili litokee gari likiwa bado linaweza kwenda angalau kilomita 2,400, kwa hiyo taa ya njano haikulazimishi kusimama kando ya barabara. Usipojaza, onyo hukolea, na kilomita zilizobaki huanza kuhesabiwa kushuka. Zikifika sifuri, kwa kawaida injini haizimiki ukiwa safarini, lakini ukishaizima, magari mengi hayawaki tena mpaka tanki lijazwe. Dereva anayetoka Mombasa kwenda Nairobi akasimama Mtito Andei kunywa chai anaweza kupiga stata na gari lisiitike, ingawa betri ni nzima na dizeli ipo tele.

Kabla ya kujaza, egesha gari mahali tambarare na uzime swichi. Mdomo wa tanki huwa kando ya mdomo wa dizeli, ndani ya buti au chini ya boneti, kutegemea gari. Nunua dumu lililofungwa, lenye alama ya ISO 22241, yaani kiwango cha kimataifa cha ubora wa kimiminika hiki, na uangalie tarehe yake, kwani AdBlue inayodumu miezi 18 katika nyuzijoto 25 huweza kuharibika baada ya miezi 6 tu katika nyuzijoto 35; dumu lililoanikwa juani mbele ya duka si la kuaminiwa. Tumia faneli ambayo haijawahi kugusa oili wala dizeli. Mimina lita 5 au zaidi, kwa kuwa kiasi kidogo mara nyingi hakitambuliwi na sensa, kisha uoshe kwa maji matone yote yaliyomwagika kwenye rangi. Fungua swichi bila kupiga stata, usubiri kwa muda ulioelezwa kwenye kitabu cha gari, ndipo uwashe. Taa nyingine huzima baada ya kuendesha kilomita kadhaa.

Nawasihi wasomaji wasikoroge mbolea ya urea kwa maji ya bomba. Madini na viungo vingine vilivyomo huziba nozeli inayokinyunyiza kimiminika na kuharibu kichocheo cha ekzosi, kifaa cha kusafishia moshi ambacho bei yake haina ulinganisho na bei ya dumu moja. Na ikitokea AdBlue imemiminwa kwenye tanki la dizeli, usifungue hata swichi, maana pampu itaisukuma hadi kwenye injini. Vuta gari hadi gereji, tanki likamuliwe lote.

Habari ya pili ni hitilafu ya mfumo wenyewe. Hapa taa ya injini huwaka pamoja na ya AdBlue, na kilomita huhesabiwa kushuka hata kama tanki limejaa, hivyo kuongeza kimiminika hakusaidii. Chanzo huweza kuwa sensa ya ekzosi, pampu, hita ya tanki, nozeli iliyoziba, au kimiminika kibovu. Piga picha ya dashibodi, kisha umfikie mapema fundi mwenye mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu. Mwombe aisome kabla ya kubadilisha chochote, na kama inaelekeza kwenye nozeli, aifungue kwanza: ukoko mweupe wa urea huyeyuka kwa maji ya moto, na huenda usihitaji kununua nozeli mpya. Kufuta misimbo peke yake hakutibu kitu, kwa sababu hesabu itarudi. Wapo wanaojitolea kuuzima mfumo wote kwa kompyuta. Ulaya ni kosa kisheria kutumia gari lililofanyiwa hivyo barabarani, na popote pale hewa chafu itakayotoka huumiza mapafu ya walio karibu.

Anayenunua gari lililotumika afungue swichi na kusoma ujumbe wote wa dashibodi, aliwashe, aliendeshe mpaka injini ipate joto, kisha alizime na kuliwasha tena kabla ya kulipa.