Boti ya Bukavu ikifika: namna ya kufuatilia magonjwa ya mabaharia bandarini Goma

Haya nayaandika kwa wenzangu wanaoanza kazi ya afya mpakani, upande wa Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo. Abiria akishuka, anakwenda zake. Baharia analala botini, kesho yuko Bukavu, keshokutwa amerudi. Huyo ndiye wa kufuatilia.

1. Fika kabla boti haijafungwa kamba. Wapakuzi wakishapanda, hutajua tena nani ni baharia na nani ni mbeba mizigo.

2. Hesabu watu kwanza. Ukiuliza "Kuna mgonjwa?", utajibiwa hapana. Anayelipwa kwa safari akitajwa kuwa mgonjwa, pesa yake imepotea. Mimi huanza hivi: "Papa nahodha, pole na safari. Mlitoka wangapi? Nani alishuka njiani? Nani hakula jana usiku?" Kisha naita majina moja moja. Asiyeitika namtafuta, hata kama yuko chini kwenye injini.

3. Pima joto, lakini usikiamini kipimo peke yake. Tangu Ebola ilipofika Goma Julai 2019, watu wanatoa paji la uso wenyewe kabla hujawaomba. Mwenye nyuzi 38 au zaidi, mtenge. Shida ni kwamba kipindupindu mara nyingi hakina homa: mtu anasoma 36.5 na huku mwili umekauka. Kwa hiyo tazama macho yaliyobonyea na midomo mikavu. Bana ngozi ya tumbo. Ikichelewa kurudi, ameishiwa maji. Pitia na choo cha boti, kitakuambia mengi kuliko nahodha. Tazama pia uso na viganja kama vina malengelenge, maana mwaka 2024 mpox, ndui ya nyani, ilisambaa sana Kivu Kusini, mkoa wa Bukavu. Ukaguzi huu ufanyie pembeni. Hakuna anayetaka kuvua shati mbele ya wauza samaki.

4. Uliza maji ya kunywa yametoka wapi. Mara nyingi ni ndoo iliyotupwa ziwani, ziwa lilelile linalopokea choo cha boti. Wazee wa Goma hawajasahau 1994, kipindupindu kilipoua wakimbizi wa Rwanda maelfu kwa maelfu ndani ya wiki chache. Tia klorini kwenye madumu, wasubiri nusu saa ndipo wanywe.

5. Ukimpata mgonjwa, usimwache apande pikipiki aende nyumbani. Piga simu zone ya afya, yaani ofisi ya afya ya eneo, waje kumchukua. Akiwa anaharisha, aanze kunywa hapohapo maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Matapishi na sakafu, klorini ya 0.5%. Mikono, 0.05%.

6. Daftari. Andika boti, ilikotoka, idadi ya watu na dalili. Waliokuwa naye wafuatilie kwa siku za ugonjwa wenyewe: kipindupindu hujitokeza kati ya saa chache na siku 5, Ebola hadi siku 21. Boti ikirudi jioni ileile, mwenzako wa Bukavu apate simu kabla haijang'oa nanga.

Na usiishie kwenye namba ya nahodha. Chukua ya mpishi pia. Yeye ndiye anayeona sahani ya nani imerudi na ugali wake.