Bitiruti, rosela na kitunguu saumu: namna ya kulegeza mishipa bila kuipoteza dawa njiani

Ukuta wa ateri una misuli laini. Ikikaza, njia ya damu husinyaa na presha hupanda. Ikilegea, presha hushuka. Kinacholegeza misuli hiyo ni gesi inayotengenezwa na utando wa ndani wa mshipa wenyewe, oksidi ya nitriki. Kwa kuifafanua kazi yake, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Baadhi ya mimea huiongeza gesi hiyo, mingine huzuia homoni inayokaza mishipa. Shida ni kwamba viambata vyenyewe hupotea kirahisi, jikoni na hata mdomoni.

Kabla ya yote, pima presha siku 7 mfululizo, asubuhi na jioni. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, kibofu kitupu. Pima mara 2, ukiacha dakika moja katikati, na uandike. Bila wastani huo hutajua kama kitu chochote kimekusaidia.

Bitiruti ina nitrati. Ukishaimeza, huingia kwenye damu, tezi za mate huivuta na kuirudisha mdomoni, kisha bakteria wa ulimini huigeuza kuwa nitriti. Unapomeza mate, nitriti hufika kwenye damu na kuwa oksidi ya nitriki. Kwa hiyo anayesukutua kila siku kwa dawa ya kuua vijidudu anakunywa juisi bure. Mswaki hauna ubaya.

Chukua takriban nusu kilo ya bitiruti mbichi, osha, menya, kamua upate mililita 250. Usiichemshe: nitrati huyeyuka kwenye maji, na ukiyamwaga maji umeimwaga nayo. Kunywa mara 1 kwa siku. Nguvu yake hufikia kilele baada ya saa 2 hadi 3, hivyo pima presha kabla ya kunywa, la sivyo utajidanganya kwa namba nzuri. Wenye presha ya juu waliokunywa kiasi hicho kwa wiki 4 katika utafiti, namba yao ya juu ilishuka kwa takriban 8. Juisi isikae nje ya friji, kwani bakteria huanza kuigeuza nitrati mle mle chupani. Mtoto mchanga asipewe kabisa. Mkojo ukiwa mwekundu usishtuke, ni rangi tu. Mwenye historia ya mawe ya figo aina ya oksaleti aiache.

Rosela, wengine huiita choya, hupita njia nyingine: rangi zake nyekundu hupunguza kasi ya kimeng'enya kinachotengeneza angiotensini, ile homoni inayokaza mishipa; ni kimeng'enya kilekile kinacholengwa na vidonge vya presha kama enalaprili. Loweka gramu 1.25 za maua makavu katika mililita 240 za maji yaliyochemka, dakika 6, bila sukari. Vikombe 3 kwa siku, wiki 6. Kimoja cha hapa na pale hakifanyi kitu.

Kitunguu saumu kizima hakina alisini, kiambata kinachotafutwa humo. Huzaliwa punje inapopondwa. Ponda, subiri dakika 10, ndipo uweke motoni. Ukikitupa moja kwa moja kwenye mafuta ya moto, kimeng'enya hufa kabla ya kufanya kazi. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asizidishe, maana damu itazidi kuwa nyepesi.

Na si kila cha asili hushusha. Likorisi, ule mzizi mtamu, hupandisha presha, kwa kuufanya mwili ushike chumvi na kupoteza potasiamu. Balungi nalo huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa za presha kama felodipini na nifedipini, mpaka presha ikaporomoka.

Usiache vidonge vyako kwa ajili ya haya yote. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari kwanza kwa sababu ya potasiamu iliyomo kwenye bitiruti. Muda ukiisha, pima tena siku 7. Wastani ukiwa bado 135/85 au zaidi, peleka daftari lako kliniki. Ukiona 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kupooza upande mmoja au kushindwa kusema, achana na juisi, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo.