Mtihani wa leseni ya uuguzi: pitia masomo ya kliniki kitanda kwa kitanda

Kila mwaka hapa Mwanga, Kigoma, napokea wadogo zangu watatu au wanne waliomaliza diploma na sasa wanangoja mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Wanakuja na madaftari yaliyopakwa rangi: njano, pinki, kijani. Nikiwauliza, "Mama kajifungua sasa hivi, damu inamwagika, unaanza na nini?" wananitajia sababu nne za kutokwa na damu, kwa mpangilio mzuri kabisa. Sababu wanazijua. Mkono ndio haujui uende wapi.

Nimekaa leba na wodi ya watoto muda mrefu kiasi cha kujua kwamba mtihani huo hauulizi sana umesoma nini. Unauliza utafanya nini. Kwa hiyo nawapitisha hivi. Ukiwa na wiki sita zinatosha. Ukiwa na tatu, usipoteze muda kuchora vizuri.

Hatua ya 1: Chora wodi

Chukua karatasi kubwa, chora vitanda kumi. Kila kitanda mlaze mgonjwa uliyemwona kwa macho yako ukiwa fildi, bila jina lake. Kwangu huwa hivi: mimba ya kwanza kutoka Kalinzi, presha 160/110. Mtoto wa miaka miwili kutoka Uvinza, malaria kali, hajitambui. Kichanga ambaye hajalia. Mtoto wa miezi kumi anayeharisha. Mzee wa kisukari mwenye kidonda mguuni. Mvuvi aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri jana. Hivyo hivyo hadi vitanda vijae.

Hatua ya 2: Kila kitanda, maswali manne

Nini kinaweza kumuua ndani ya saa moja? Nafanya nini kwanza? Baada ya hapo naangalia nini? Daktari namwita lini? Andika majibu bila kufungua kitabu, kisha ndipo ufungue usahihishe kwa kalamu nyekundu. Hapa ndipo utakapokaa siku nyingi, kwa hiyo nikuonyeshe vitanda vitatu.

*Leba, damu.* Mtoto akishatoka, papasa tumbo uhakikishe hakuna pacha, kisha oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, yuniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika 1. Damu ikifika ml 500 baada ya kujifungua kawaida, hiyo ni dharura. Na kama mama anaanza kulegea, usingoje ifike. Ita msaada huku mkono wako uko tumboni unasugua mfuko wa uzazi. Kwa nini tumboni kwanza? Kwa sababu mfuko uliolegea ndio chanzo cha mara nyingi kuliko kondo lililobaki, michubuko au damu isiyoganda. Halafu kibofu: kikijaa, mfuko haukazi. Swali la kibofu linapendwa sana, na wengi hulipita kama kijiji kisicho na kituo cha basi.

*Kifafa cha mimba.* Dozi ya kuanzia ya magineziamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, ni gramu 4 kwenye mshipa, polepole, ikifuatiwa na gramu 10 kwenye msuli, 5 kila tako. Baadaye gramu 5 kila baada ya saa 4, tako kwa kubadilisha. Nilipokuwa mwanafunzi niliulizwa mbele ya wenzangu: kabla ya dozi inayofuata unaangalia nini? Nikajibu presha. Sista wa zamu alinitazama tu, akaenda mwenyewe kwa mgonjwa na nyundo ya goti. Sijasahau tena: pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti liruke ukiligonga, mkojo usipungue ml 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, dozi haitolewi. Pumzi zikisimama, msaidie kupumua na umpe kalsiamu glukonati gramu 1 kwenye mshipa, polepole.

*Mtoto wa Uvinza.* Chini ya kilo 20 artesuneti, sindano ya malaria kali, ni mg 3 kwa kila kilo. Kuanzia kilo 20 ni mg 2.4. Mtego upo hapo, maana watu hukariri namba moja tu. Mtoto wa kilo 12 anahitaji mg 36. Kichupa cha mg 60 ukikiyeyusha kwa ml 1 ya bikaboneti, ukaongeza ml 5 za maji ya chumvi kwa ajili ya mshipa, kila ml 1 ina mg 10. Basi ml 3.6. Rudia saa ya 12 na ya 24, kisha mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza dawa mseto. Hata akichangamka asubuhi na kuomba uji, sindano za saa 24 za kwanza hazikatizwi. Na mtoto asiyejitambua, mpime sukari. Usiseme "ni malaria" ukaishia hapo.

Kuhara nitakueleza kwa hesabu, kwenye hatua inayofuata. Waliokuwa kazini mkoa huu Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga na kipindupindu kikaingia, hawahitaji kukaririshwa Mpango C, yaani dripu kwa aliyeishiwa maji kabisa.

Hatua ya 3: Hesabu tatu kila siku, bila kikokotozi

Mtoto wa miezi 10, kilo 8, kaishiwa maji kabisa. Chini ya mwaka mmoja: ml 30 kwa kilo ndani ya saa 1, kisha ml 70 kwa kilo ndani ya saa 5. Hiyo ni ml 240, halafu ml 560. Kama mpira wa dripu unatoa matone 20 kwa ml, zidisha ml kwa 20, gawanya kwa dakika: 240 × 20 ÷ 60 ni matone 80 kwa dakika, kisha 560 × 20 ÷ 300, kama matone 37. Akifikisha mwaka, ujazo ni uleule ila muda unakuwa nusu saa, kisha saa mbili na nusu.

Kabla hujashangilia, mtazame tena mtoto. Miguu imevimba? Mbavu zinahesabika? Mwenye utapiamlo mkali hawekewi dripu hii kiholela. Mshipa ni kwa aliye kwenye mshtuko tu, na kwa uangalizi wa karibu. Mtunga maswali anaweza kuficha neno moja la utapiamlo katikati ya sentensi ndefu.

Hatua ya 4: Geuza maneno ya mgonjwa

Mtihani unakuja kwa Kiingereza, mgonjwa wako haongei hivyo. Tengeneza daftari la safu mbili. Kushoto andika alivyosema mgonjwa, kulia neno la kitabuni. Mjamzito akisema "naona vimulimuli" au "chembe ya moyo inauma", usimpe dawa ya vidonda vya tumbo. Pima presha na mkojo, maana kifafa cha mimba kinaweza kuwa njiani. "Choo kama maji ya mchele" unakijua, ni kipindupindu. "Mbavu zinaingia ndani" kwa mtoto mwenye kikohozi nayo uijue, pamoja na pumzi: chini ya miezi 2 ni haraka zikifika 60 kwa dakika, miezi 2 hadi 12 ni 50, mwaka 1 hadi 5 ni 40.

Hatua ya 5: Maswali

Maswali 40 kwa siku yanatosha. Soma sentensi ya mwisho kwanza, ujue unatafutiwa nini: cha kwanza, au kisichofaa? Majibu yote yakionekana sahihi, fuata njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu. Jibu la "mwite daktari" lichague pale tu ambapo umeshamaliza kinachowezekana kwa mikono yako. Mgonjwa anayekosa hewa muinue kichwa na umpe oksijeni kwanza. Ulipokosa, andika sababu: sikujua, sikusoma vizuri, au nilibadilisha jibu. Binti mmoja niliyemfundisha aligundua kwamba karibu makosa yake yote ni ya aina ya tatu. Tukamnyang'anya ufutio.

Hatua ya 6: Yanayodharauliwa

Siku mbili tu. Sanduku la sindano hufungwa likijaa robo tatu. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usiminye, toa taarifa, na dawa za kinga ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72. Soma pia ridhaa ya mgonjwa na siri zake.

Wiki ya mwisho

Bandika ile karatasi ya vitanda ukutani. Mwenzako anyooshe kidole kitanda chochote, wewe useme unachofanya kwanza, kwa sauti. Ukisita zaidi ya kupumua mara mbili, kitanda hicho ndicho cha kusoma jioni hiyo. Kama kituo chako cha mtihani kiko nje ya mkoa, fika siku moja kabla. Basi la kutoka huku likiharibika njiani hakuna msimamizi atakayekungoja.